Massey Hall 1953: onyesho bora la bebop, au tumelewa majina?

MLETA MADA

Wadau, hili limenikaa kooni siku nyingi, leo nalitema. Kila watu wakianza kuzungumza jazz, haichukui muda mtu ataitaja Massey Hall ya Toronto, tarehe 15 Mei 1953, na kuliita onyesho kubwa kuliko yote la bebop, ile jazz ya kasi ya miaka ya 1940, ya kusikiliza zaidi kuliko kucheza. Kwa asiyelijua: Charlie Parker saksafoni, Dizzy Gillespie tarumbeta, Bud Powell piano, Charles Mingus besi, Max Roach dramu. Hakuna rekodi nyingine yenye watano hao kwa pamoja. Orodha tu inakutoa mate.

Sasa nauliza: tunasifu muziki au tunasifu orodha?

Maana usiku wenyewe ulikuwa shaghalabaghala. Ukumbi wa viti zaidi ya 2,500, vingi vitupu, kwa sababu saa zilezile Rocky Marciano alikuwa anarudiana na Jersey Joe Walcott kule Chicago kugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Powell alikuwa ametoka hospitali ya magonjwa ya akili miezi michache tu nyuma. Parker alishika saksafoni ya plastiki, Grafton, ya kutengenezwa Uingereza. Fedha ya mlangoni haikutosha kuwalipa. Mkanda wa kurekodia ukarudi New York na Mingus, naye aliposikia besi yake imemezwa, akaipiga upya juu ya ile ya ukumbini, kisha santuri ikatolewa na Debut, kampuni yake yeye na Roach. Parker, kwa kubanwa na mkataba wa kwingine, akaandikwa "Charlie Chan".

Hadithi tamu, sikatai. Lakini waliokuwa ukumbini siku ile walikuwa wachache, tena nusu ya akili iko kwenye ngumi. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliolitawaza. Mimi nikiambiwa nichague usiku mmoja wa bebop, nakwenda Town Hall, New York, 22 Juni 1945: Parker, Gillespie, Roach, na Al Haig kwenye piano, Curley Russell besi. Mkanda wake umetolewa hadharani mwaka 2005 tu, hivyo hakuna aliyewahi kuujengea ngano kwa miaka hamsini. Karibuni.

SANTURI MBOVU

Mkuu, umeorodhesha kila kilichoharibika ukasahau kusikiliza. Weka "Salt Peanuts" ya Toronto. Parker anatambulisha wimbo kwa lugha ya bungeni, anamwita Gillespie "mjumbe wake mstahiki", sauti ya mtu mpole kabisa. Kisha zamu yake ya solo inafika, na Gillespie bado anapiga kelele "Salt peanuts! Salt peanuts!" nyuma yake. Msikie Parker anavyoingia! Ni mtu aliyechokozwa. Noti zinatoka zimekunjwa ngumi. Hilo hulipati kwa bendi iliyoelewana na kushiba. Na lile plastiki ulilolicheka lilipigwa mnada London mwaka 1994 kwa zaidi ya pauni 90,000.

Hao hawakuwa wageni kwa wageni waliokusanywa kwa ajili ya bango. Parker na Gillespie walikuwa na ugomvi wa miaka, na mapenzi ya miaka.

MPITA NJIA

Mimi ningekwenda kuangalia Marciano.

SANTURI MBOVU

Walcott alidondoka raundi ya kwanza. Usingemaliza hata soda.

DRAMU TATU

Naomba tuseme kuhusu wasikilizaji, maana ndiyo kiini cha mada na hakuna anayekigusa. Mpangilio wa kukusanya vinara una ugonjwa wake: kila mtu anapewa zamu, kila zamu inamalizwa kwa makofi, na yale makofi yanafunika mwanzo wa anayefuata. Mpiga piano ndiye anayeumia zaidi. Anaanza sentensi yake, nyie bado mnamshangilia wa tarumbeta.

Norman Granz alianzisha maonyesho yake ya Jazz at the Philharmonic Los Angeles mwaka 1944, akazunguka nayo miji mingi. Vinara watupu. Mpiga saksafoni Illinois Jacquet akiishika noti moja ya juu na kuikoromesha, ukumbi mzima unalipuka kwa miluzi. Wahakiki waliita ile sarakasi, na kwa kweli baadhi ya usiku ule ulikuwa sarakasi. Lakini Granz huyohuyo alikataa kupiga penye kutenganisha weupe na weusi ukumbini. Kwa hiyo miluzi ile ilitoka kwa watu waliokaa bega kwa bega, mahali ambapo hawakuzoea. Siwezi kuidharau hivihivi. Ila kimuziki, nipe ukumbi wenye watu wachache wanaosikiliza. Hapo Massey Hall inanishawishi kwa sababu ileile mleta mada anaikataa.

BINTI WA KIDUMBAK

Kaka Dramu, mimi ni mtu wa Unguja, na huo ukimya mnaousifu sijauelewa. Kwenye taarab beti ikimgusa mtu, au ikimgusa jirani yake aliyemkusudia, ananyanyuka na noti mkononi, anakwenda taratibu mpaka kwa mwimbaji, anamtuza mbele za watu, anarudi kwa maringo. Fidla hazisimami. Hakuna anayesema "umefunika solo". Kutuza ndiyo nusu ya onyesho.

Na mnasahau kwa nini bebop ilikalisha watu. Mwaka 1944 serikali ya Marekani iliweka kodi ya asilimia 30 kwenye kumbi za starehe zenye uimbaji na dansi, ikashushwa hadi 20. Mwenye ukumbi mdogo akaona nafuu apige muziki mtupu, watu wakae na vinywaji vyao. Sisemi kodi ndiyo iliyozaa bebop, vijana wa Harlem walishaianza pale klabu ya Minton's kabla. Lakini miguu ilifungwa kwa sheria, halafu leo mnafanya ukimya kuwa adabu ya muziki! Mtu amebakiziwa viganja tu. Mwacheni avipige.

DRAMU TATU

Dada, hapo kwenye kodi nimekubali. Kwenye kutuza bado: mwimbaji wa taarab anarudia kiitikio, msikilizaji hapotezi kitu. Powell harudii.

MLETA MADA

Nimesoma wote. Santuri, hilo la Gillespie kumchokoza mwenzake ni kweli, na sina jibu lake. Lakini tazama Town Hall palivyokuwa. Parker kachelewa, mpiga saksafoni Don Byas anaanza mahali pake, halafu Parker anafika na kuingia wimbo ukiwa unaendelea. "Salt Peanuts" ilikuwa imerekodiwa mwezi uliotangulia tu. Watu wale walikuwa wanashangilia kitu ambacho hawajaambiwa na yeyote kwamba ni kikubwa. Toronto, kila aliyelipa kiingilio alishajua majina. Makofi ya namna hiyo nayapima kwa mizani mingine, iwe ukumbi umejaa au mtupu.

Binti, viganja vipigwe, sina neno. Mimi nauliza tu vinampigia nani.

Tena kipimo kipo. Nyimbo tatu zimepigwa usiku wote miwili: "Salt Peanuts", "Hot House" na "A Night in Tunisia". Roach ana miaka 21 kule, 29 huku. Zisikilizeni moja baada ya nyingine, mje.

SANTURI MBOVU

Nimeshazisikiliza, mkuu, na kipimo chako kina tundu. "Hot House" ya 1945 dramu si za Roach, ni Sid Catlett, mtu wa enzi ya swing, ile jazz ya kudansi iliyotangulia bebop, alipandishwa jukwaani kama mgeni. Kwa hiyo umebaki na mbili. "Salt Peanuts" nakuachia wewe na Town Hall yako, kasi ile ya vijana haikurudi tena. "Tunisia" siitoi. Hiyo inabaki Toronto.