Tupeane uzoefu: ruzuku ya mbolea na sisi tunaolima kilimo hai

Mkulima wa Kibada
Habari zenu wakuu. Jana nimepishana na Canter imebeba samadi ya kuku, nikaukumbuka msimu wa 2022. Mfuko wa Urea ulikuwa umevuka laki, Rais Samia akazindua ruzuku pale Mbeya siku ya Nane Nane. Majirani zangu wa shamba kule Mkuranga wakajiandikisha kijijini, wakauziwa mfuko wa kilo 50 kwa kama elfu 70. Mimi situmii za viwandani, samadi nikanunua kwa hela yangu yote. Iliniuma. Mliolima hai mlivukaje?

Mama Chanika
Kama umenisemea mimi kaka yangu.

Jembe Halilali
Si ungejiandikisha tu mkuu, ukachukua mifuko ukamuuzia jirani, hela ukanunulia samadi.

Bi Mgeni
Usimponze mwenzio. Ile mbolea ni ya aliyeandikishwa akaitumie shambani kwake. Kuilangua ni kesi.

Kapu la Mboga
Yangu ni ndefu, mnivumilie. Naishi Tabata, shamba liko Mvomero, ekari mbili za mboga. Tuko kikundi chenye alama ya Kilimohai, ile ya kuthibitisha mazao ya kilimo hai, tunakaguana wenyewe kwa wenyewe. Mboga zinapanda basi usiku, alfajiri nazipokea Mbezi stendi, nazigawa kwa wateja wangu.

Shamba analiangalia shemeji yangu. Siku moja nikaenda bila kumpigia simu, nikafika shambani saa kumi na mbili asubuhi, umande bado. Kwenye tuta la spinachi naona chembe nyeupe chini ya kila shina. Nyingine zimeshaanza kuyeyuka, udongo umelowa kiduara kuzizunguka. Pembeni mfuko mtupu umekunjwa vizuri, umewekewa jiwe usipeperuke. Miguu iliisha nguvu.

Kumuuliza, ananijibu kwa upole kabisa: "Shemeji, nimeandikisha zile ekari zako mbili. Kitu cha nusu bei, tena mboga zilikuwa zimekonda, ningeiachaje?"

Hakuna aliyeona. Ningeweza kunyamaza. Jumapili kwenye kikao nikasimama nikasema yote. Shamba likatolewa kwenye orodha, nikaanza upya kipindi cha mpito, yaani kusubiri hadi shamba lihesabike tena kuwa la kilimo hai. Wateja nikawaambia mmoja mmoja, karibu nusu wakaondoka.

Jembe Halilali
Dada pole, ila ulijitakia. Mmea haujui hii Urea hii samadi.

Mama Chanika
Mteja anajua! Kalipia mboga isiyo na Urea. Dada kafanya uungwana, wewe unamuita mjinga?

Jembe Halilali
Sijasema mjinga, mama. Nasema watoto wanakula nini.

Mzee wa Bunju
Acheni kugombana. Shemeji hana kosa, kafuata bei. Kosa ni kwamba msaada unakuja ndani ya mfuko, anayelisha udongo kwa samadi hana cha kupokea dirishani. Mwaka 2023 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai, unafika hadi 2030. Basi tudai humo: nauli ya samadi, gharama za ukaguzi, mafunzo ya mboji. TOAM, chama cha kilimo hai Tanzania, wapo hapa hapa Dar, vikundi viwaendee.

Bi Mgeni
Na shemeji alipwe mshahara unaoeleweka. Ndugu wa kusaidia bure huamua mwenyewe.

Kijana wa Goba
Mimi nasema mfukuze, weka mtu baki.

Kapu la Mboga
Simfukuzi. Alilia kunizidi. Sasa hivi ndiye fundi wa mboji wa kikundi. Jumamosi kaniita nichomeke mkono kwenye lundo, nimeutoa mbio kwa joto. Msimu huu tunahitaji samadi ya ng'ombe kama tani tano. Mwenye kumjua dereva wa Canter wa bei nzuri kutoka Dakawa, naomba aniunganishe naye kabla mvua hazijaanza.