Mrejesho: uwatu wa kwenye beseni umekubali

Wapendwa, niliuliza hapa kwa nini miche yangu ya uwatu (methi) inaota vizuri halafu inalala chini, shina likiwa limeoza pale linapogusa udongo. Asanteni, hasa mliosema tatizo ni maji kutuama.

Beseni kuukuu nililitoboa matundu mengi chini, udongo mfinyanzi nikauchanganya na mchanga na samadi iliyooza sawasawa. Mbegu ni zile zile za dukani kwa viungo. Nikaziloweka usiku kucha, nikazimwaga kwa wingi na kuzifunika kwa udongo kiasi cha kuzificha tu. Maji asubuhi, tena udongo ukikauka juu. Miche haijalala tena. Jua la mchana hapa Mombasa ni kali, kwa hiyo beseni linakaa upande wa baraza unaopata jua la asubuhi.

Kuhusu kuhamisha miche, aliyesema tusihangaike nayo yuko sahihi: mizizi ya uwatu haipendi kusumbuliwa.

Nimeshakata kwa mkasi, nikaacha vishina vifupi, na vinachipua, ingawa vyembamba. Naona bora kupanda upya. Majani nimeyakaanga na viazi na kitunguu. Uchungu upo, lakini mtamu. Watoto wamegoma.