Mrejesho: mashua iliyopwelewa Fumba

Niliuliza kwa nini mashua ya matembezi, Fumba (Unguja) kwenda kisiwa cha Kwale, ilikaa mchangani saa tatu asubuhi, ikalala ubavu hadi sufuria la pilau likamwagika. Mlisema ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na ndivyo. Siku mbili baada ya mwezi kuandama, maji hupwa kabisa mnamo saa nne, na tofauti yake na maji makuu hufika kama mita 4. Nahodha aling'oa nanga saa mbili, maji yakitoka!

Ilielea saa tano. Tanga lilishushwa, nanga ikabebwa kwa miguu hadi upande wa kilindi, kamba ikavutwa maji yalipoanza kujaa. Kuisukuma mapema kungelegeza kalafati tu, yaani pamba ya kuziba nafasi za mbao. Hata hivyo ngama, sehemu ya chini ya chombo, ilijaa maji. Pamba mpya yenye mafuta ya sifa (ya samaki) imeshashindiliwa. Safari ijayo tumeipanga wakati wa maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Ahsanteni sana, hasa aliyesisitiza nanga.