Eti "si ungempa tu kitambulisho"? Nimechoka na hii kauli

Wakuu salama? Mimi sio salama, nina hasira mpaka chai haipiti.

Niko huku Texas mwaka wa sita. Juzi nimetoka shifti ya usiku ghalani, basi likanishusha alfajiri natembea zangu kwenda geto, dakika kumi tu, gari la polisi likaanza kunifuata taratibu kama fisi anayesubiri mkono udondoke, mara taa zikawaka. Kitambulisho. Nikauliza nimekosa nini afande, akasema hajawahi kuniona mtaa huu. Nimepanga hapo miaka minne! Na tukiwa tumesimama akapita mzungu anakimbia mazoezi, kofia ya hudi kaishusha hadi machoni, hata kuangaliwa hakuangaliwa.

Nikaweka kwenye grupu letu la Wabongo, majibu sasa: "si ungempa tu", "kama huna kosa unaogopa nini". Jamani!! Hapa sheria ya jimbo, ukiwa unatembea kwa miguu, kukataa kutaja jina sio kosa mpaka uwe umekamatwa kihalali. Ukiwa unaendesha ni habari nyingine, leseni unatoa. Na jina la uongo usijaribu, hilo ni kosa hata kama umezuiwa tu. Kuna jamaa alisimamishwa kichochoroni El Paso, polisi wakasema hawajawahi kumuona eneo lile (si unaona wimbo ni uleule), akagoma kujitambulisha, akapigwa faini, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na 1979 majaji wote wakasema askari hawakuwa na sababu ya kumsimamisha. Wote, hakuna aliyepinga. Ya Nevada 2004 ndo ikalegeza mambo, 5 kwa 4, kwamba jimbo likiwa na sheria yake na askari ana shaka yenye msingi anaweza kukudai jina. Jina! Hata hapo kutoa makaratasi hakukulazimishwa.

Na kuwa mtaa fulani na rangi fulani sio shaka yenye msingi, msinichoshe.

Sasa nyie wa "si ungempa", nilimpa. Haya yote nayajua kichwani na bado nilimpa, maana mkono wake ulikuwa kiunoni karibu na bastola na mimi ni mtu wa grini kadi, na sheria ya serikali kuu inataka mgeni wa miaka 18 kwenda juu atembee nayo muda wote, kwa hiyo hiyo haki ya kugoma kwetu sisi inachechemea. Akaisoma mbele nyuma, akairudisha, akaniambia usiku mwema. Jua linachomoza!

Jana nilikuwa ofu, natoka tu kununua maziwa hapo kona, nafika dukani ndo nagundua nimevaa kizibao cha kazini.