Tupeane uzoefu: ushawahi kumhukumu mtu ukadhani unapambanua? Au ulinyamaza pale pa kusema?

Sauti ya Kwanza, Fuoni

Wapendwa Bwana asifiwe, Wakatoliki Tumsifu Yesu Kristo, na majirani mnaopita humu asalaam aleikum. Naanza na langu maana siwezi kuwaambia watu waseme na mie nimejikunyata pembeni.

Mwaka juzi natoka sokoni Darajani, hapa Zanzibar, na kikapu changu cha samaki, nikamuona dada mmoja tunaimba nae kwaya. Kavaa baibui jeusi, ushungi umebanwa pini vizuri kabisa, anapanda daladala, hata hakunitizama. Na mazoezi alikuwa kashakosa mara mbili. Nikapiga hesabu zangu palepale kituoni, kakosa mazoezi, kavaa baibui, basi huyu kasilimu. Sikumpigia yeye simu, nlimpigia katibu wa kwaya nikamwambia "tumuombee dada yetu", na nyie mnaijua ile "tumuombee" yetu. Mpaka magharibi watu 11 wanamuombea na mwenyewe hana habari.

Kumbe bi mkubwa mwenye nyumba anayopanga kafiwa na mume. Kakaa uani pale miaka 6, na bi mkubwa huyo ndie aliemuuguza alipofanyiwa opresheni. Sasa msibani pale angekwendaje na sketi yake ya kwaya? Baibui kaazimwa na binti wa marehemu. Siku tatu yuko jikoni na wanawake wenziwe, anakuna nazi, anamenya vitunguu. Nlipomfata hatimae kumuomba radhi alikuwa bado kafunga kitambaa kidoleni, mbuzi ilimkwangua. Hakunigombeza. Kaniambia tu, "Si ungeniuliza pale kituoni."

Hilo neno lilinikaa. Macho yangu yaliona baibui, kusilimu nlikuongeza mie.

Baadae nikaisoma tena Mathayo 7 yote, si ule mstari wa kwanza tu tunaorushiana. Inaanza "msihukumu", inakuja boriti na kibanzi, alafu mlango huohuo mbele kidogo anasema jihadharini na manabii wa uongo, mtawatambua kwa matunda yao. Sasa utawatambuaje kama umefumba macho? Na Yohana 7:24 anakataza hukumu ya macho tu lakini hukumu ya haki anaitaka. Kwa hiyo nauliza, nyie mpaka mnauweka wapi? Nataka yaliyokukuta mwenyewe, mahubiri tunayapata Jumapili.

Baharia mstaafu

Hiyo "tumuombee" imenichoma. Jumuiya yetu ndo redio yenyewe, haina haja ya betri.

Kijana wa Nungwi

Mie nafanya kazi baa ya hoteli huku Kaskazini. Mzee mmoja wa kanisa akaniita akasema chagua, kwaya au baa. Hakuniuliza kama nakunywa (sinywi, sijawahi), hakuniuliza nyumbani wanakula nini, kachagua kwa niaba yangu. Kilichonichekesha japo sikucheka, mzee huyohuyo ana biashara ya barafu na hoteli yetu ni mteja wake. Barafu yake ndo mie naitia kwenye glasi.

Lakini nisiwe muongo, sisemi kazi yangu haina maswali. Kuna usiku mgeni kalewa mpaka hajui chumba chake, anataka nyengine, na mwenziwe ananikonyeza niongeze kali ili amchukue. Dada wa watu mwenyewe kashalala kichwa mezani. Nlikataa, nikamwita meneja, nikaambiwa nna dharau kwa wateja. Ile nlijua moja kwa moja si sawa wala sikuhitaji mtu anambie. Ndo tofauti ninayoiona mie: ule usiku nlitizama jambo linalotendeka mbele yangu, mzee yule katizama jina la kazi.

Mpita njia wa Ng'ambo

Samahani mie Muislamu nimeingia kwenu bila hodi. Hili na kwetu lipo, Suratul Hujurat aya ya 12, jiepusheni na dhana nyingi, msipeleleze, msisengenyane, imefananishwa na kula nyama ya ndugu yako alokufa. Na tunaisoma, na tukitoka msikitini barazani tunakula hiyo nyama na kahawa juu yake.

Sauti ya Kwanza, Fuoni

Karibu sana kaka, kumbe tunashirikiana mpaka mboga 😂

Mtembeza wageni

Mie nishaingia na wageni kanisa la Mkunazini mara zisohesabika. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na mwaka huohuo ukaanza ujenzi palepale, na wanasema altare iko ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Wakati ule kuuza mtu ilikuwa biashara ya heshima, kuna mtu ilibidi aseme hii ni dhambi. Angesema "msihukumu" soko si lingekuwepo? Ila kila wiki napata mgeni ananitizama usoni ananiuliza, kwa hiyo babu zako ndo waliokuwa wanauza? Kashanijua mie na ukoo wangu kwa dakika tano.

Mama wa Wete

Naona wengi mlisema mno. Langu kinyume, mie nlinyamaza.

Tuna kikundi cha hisa, cha kuweka akiba, huku Wete Pemba, wanawake 25, wa kanisani na majirani zetu. Sanduku la pesa lina makufuli matatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, mmoja ni mie. Siku moja mweka hazina akaja, bibi we nipe ufunguo wako nisikusumbue kuja na miguu yako hiyo. Nikampa. Wiki ya pili akautaka tena. Wiki ya tatu nlipita kwake kuchukua mchele nikaliona sanduku chini ya kitanda, kufuli moja linaning'inia wazi, na siku hiyo si ya mkutano. Moyo ukanambia uliza. Mie nikajijibu, nani mie nimhukumu mwana wa mwenzangu, nikajiona mtakatifu hasa.

Miezi minne. Siku ya kugawana imepungua laki 7. Kuna mjane pale alikuwa anasubiri zake anunue sare za watoto wa skuli, alikaa kwenye mkeka hakusema neno, anazikunja na kuzikunjua noti alizopewa. Sijalisahau lile jicho.

Nakuambieni haikuwa upole, nliogopa kugombana. Mathayo 18 inasema umwendee, wewe na yeye peke yenu. Ningemwendea ile siku ya mchele pengine ingekuwa elfu 50 na mambo yakaishia jikoni kwake, asiaibike mbele ya watu 25.

Kijana wa Nungwi

Pole bibi. Na mlimfanyaje?

Mama wa Wete

Wengine walitaka polisi, wengine walitaka atolewe kanisani. Nlikwenda mie nyumbani kwake, safari hii nikauliza. Mtoto alikuwa anaumwa, deni likazaa deni. Haifanyi kuwa halali na nlimwambia hivyo uso kwa uso, akalia, na mie nikalia.

Sauti ya Kwanza, Fuoni

Pesa zilirudi?

Mama wa Wete

Laki 3 mpaka sasa. Zilobaki analeta kila msimu wa karafuu, na zile za mwanzo tulimpa mjane. Na ufunguo wangu siku hizi nnalala nao.