Naomba ushauri: picha za ndege vita, meli na anga za juu kwenye ukuta wa saluni

KinyoziKitoro
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Nina saluni ya kunyoa hapa Kitoro, Entebbe. Ukuta wa kushoto umebaki mtupu tangu niondoe lile bango la vichwa vyenye namba ambalo kila saluni inalo. Nataka kutundika picha sita kubwa, saizi ya A2, zenye fremu.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya picha kwenye simu: ndege vita, manowari, wanyama, maporomoko, nyota. Wateja wakisubiri zamu huwa nawapa simu waangalie, na ubishi unaozuka hapo ndio unaowafanya wengine wasihamie kwa jirani.

Shida ni hizi. Nilipeleka studio moja picha ya ndege ya Hornet iliyovaa wingu jeupe kiunoni, ikatoka imevurugika, ubawa una ngazi-ngazi. Jamaa akasema karatasi ndiyo ilivyo, na hela hakurudisha. Halafu ninayo moja niliyopiga mwenyewe nikiwa ufukweni, ndege ya jeshi letu inashuka kutua, jua la jioni limeipiga tumboni. Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote. Nitundike? Mama watoto yeye anasema weka masokwe na korongo taji, yaishe.

AfandeMstaafu
Marahaba kijana. Hiyo ya ufukweni usiitundike, na wala usiitume huku tuione. Uwanja wa Entebbe ni wa abiria na pia ni kambi ya jeshi la anga, na nusu ya wateja wako nadhani wanatoka humo humo. Siku moja ataketi kwenye kiti chako mtu asiyekufahamu, aanze kuuliza ulisimama wapi, saa ngapi, nani alikutuma. Utamaliza kumnyoa ukiwa na maelezo ya kuandika. Watu wamekuwa wakipokonywa simu kwa kupiga picha tu daraja la Karuma, sembuse ndege. Ukitaka za kwetu, tafuta zile ambazo jeshi lenyewe au magazeti yamezitoa, ndege zikipita kwenye sherehe za kitaifa. Hizo hakuna wa kukuuliza.

FundiPicha_Jinja
Karatasi haina kosa, ndugu yangu. Hiyo picha uliitoa WhatsApp, sivyo? WhatsApp huikamua picha, mara nyingi upande mrefu unabaki na pikseli kama 1,600. A2 ina urefu wa sentimita 59.4, yaani inchi 23 na kidogo. Gawanya, unapata pikseli 68 hivi kwa kila inchi. Ngazi-ngazi lazima zije. Fundi mzuri angekwambia kabla ya kuwasha mashine.

Kwa picha ya ukutani, inayotazamwa na mtu aliye kwenye benchi, pikseli 150 kwa inchi zinatosha, maana yake faili lisipungue 2,480 kwa 3,508. Ukipata 300 ni raha zaidi. Shusha faili la asili kwenye tovuti ya mwenye picha, liweke kwenye flashi, upeleke flashi. Ukilazimika kutumia WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha.

Hiyo Hornet nayo ina faili zuri. Aliipiga John Gay, mwanamaji wa Marekani, tarehe 7 Julai 1999 akiwa kwenye manowari ya kubeba ndege USS Constellation. Picha zinazopigwa na watumishi wa serikali ya Marekani wakiwa kazini hazina hakimiliki kule kwao, kwa hiyo kuichapa hakuna tabu.

KinyoziKitoro
Asante sana fundi. Kumbe! Wateja wangu wanabisha kila wiki kwamba hapo ndipo ndege inapovunja kizuizi cha sauti.

FundiPicha_Jinja
Wingu lile ni unyevu tu. Hewa inayopita juu ya ndege inashuka shinikizo, inapoa ghafla, mvuke unageuka matone. Hutokea ndege ikikaribia kasi ya sauti, hata kabla haijaifikia. Waache wabishe, wasije wakaondoka.

MwalimuWaArua
Mimi niko upande wa anga. Weka Nguzo za Uumbaji mbili bega kwa bega, ya darubini ya Hubble ya 1995 na ya James Webb ya 2022. Ni wingu lile lile la gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru kama 6,500. Ya Hubble nguzo ni nzito, huoni ndani. Webb inatumia mwanga wa infraredi unaopenya vumbi, basi nyota zinajaa mpaka ndani ya nguzo. Mteja mmoja atakuambia umechapisha vibaya, kwa sababu ya Hubble ina kona nyeusi ya juu kulia iliyokatwa kama ngazi. Mwambie ni kamera: ilikuwa na vipande vinne vya kupokea mwanga na kimoja kilikuwa kinaona eneo dogo zaidi. Rangi nazo zimepangwa na wataalamu, oksijeni bluu, haidrojeni kijani, salfa nyekundu. Jicho lako lisingeona hivyo.

Na usiache ile iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 wakielekea mwezini, tarehe 7 Desemba 1972, dunia nzima na Afrika imejaa katikati. Filamu ya asili ina kusini juu. Ningekuwa wewe ningeitundika hivyo hivyo, kichwa chini, nione nani atalalamika.

Bibi_Koboko
Jamani na watoto wanaoletwa kunyolewa? Huku kwetu tumeshaona silaha za kutosha. Ndege vita moja inatosha mwanangu.

KinyoziKitoro
Nimekusikia mama. Itabaki Hornet peke yake, na upande wa majini sitaki mizinga.

MvuviKatosi
Basi tafuta meli ya Liemba ya ziwa Tanganyika. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaja vipande vipande kwenye masanduku, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924 ikarudi kazini. Manowari gani ina stori hiyo?

Kwa maumbile usinunue sokwe wa intaneti, kila hoteli anaye. Wewe uko Entebbe, kinamasi cha Mabamba ni hapo ng'ambo. Kodi mtumbwi asubuhi ukampige picha korongo nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Anasimama kimya muda mrefu akimvizia kamongo, hata simu ya kawaida inampata. Wazee wetu walikuwa wakikutana naye alfajiri wanageuza mtumbwi, eti siku hiyo hakuna samaki. Picha ikiwa yako, hata hakimiliki ni yako.

KinyoziKitoro
Hapo mama watoto atakubali, mradi korongo taji asikose. Kwa hiyo Hornet, Nguzo mbili, dunia kichwa chini, Liemba, korongo nyangumi. Zimetimia sita na korongo taji hana nafasi. Nitajua cha kumwambia. Fremu je, kioo au plastiki?

FundiPicha_Jinja
Plastiki, kwenye saluni kioo kikidondoka ni balaa. Na ziba nyuma kwa gundi ya karatasi pande zote, vinginevyo vumbi la nywele litaingia.