Draivu ya DVD inacheza nyimbo lakini sinema hazichezi

Swali, kutoka Kirumba, Mwanza

Ndugu zangu, salaam. Nina kompyuta mpakato ya zamani iliyokuwa na Windows 7, na ilicheza DVD bila shida yoyote mpaka mwezi uliopita nilipoipeleka kwa fundi hapa mjini aniwekee Windows 10. Tangu hapo CD za kwaya zinacheza vizuri, lakini nikiweka sinema diski inazunguka, inavuma, kisha kompyuta inaniuliza tu nichague programu ya kuifungulia. Nimejaribu diski mbili: moja ni ya harusi ya mdogo wangu iliyofanyika Nansio, kisiwani Ukerewe, tuliyochomewa na mpiga picha, na nyingine ni sinema aliyoniletea shangazi kutoka Uingereza. Ile ya harusi nikiifungua kama ninavyofungua flashi, naona folda iliyoandikwa VIDEO_TS. Fundi anasema draivu imekufa, ninunue nyingine kwa shilingi 70,000. Mama amevuka kutoka Ukerewe kuja kliniki na anarudi Jumamosi. Harusi hiyo hakuiona kwa sababu siku ile alikuwa amelazwa. Naomba msaada kabla sijatoa hela.

Mkazi wa Pasiansi

Pole na uuguzi, ndugu yangu. Usitoe hela. Draivu iliyokufa isingekuonyesha folda yoyote, kwa hiyo diski inasomeka na kinachokosekana ni programu. Picha za DVD hubanwa kwa mtindo wa MPEG-2, na matoleo kadhaa ya Windows 7 yalikuja na uwezo wa kuzifumua, lakini kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 uwezo huo uliondolewa, na Windows 10 ya mwaka 2015 haikuurudisha. Pakua VLC, programu ya kuchezea video, kutoka tovuti ya VideoLAN wanaoitengeneza, ni ya bure. Ukishaiweka, usibofye diski. Fungua VLC kwanza, nenda Media, kisha Open Disc, uchague DVD.

Fundi, Nyakato

Naunga mkono, ila niongeze mawili.

Kucheza kwa CD peke yake hakuthibitishi kwamba draivu ni nzima, kwa kuwa CD husomwa kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa ya nanomita 650, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki. Ushahidi wako ni ile folda. Isingeonekana, ningekwambia uvute trei uitazame lenzi, kile kijicho kidogo kinachong'aa kama tone la umande. Huku kwetu mara nyingi nakuta kina ukungu wa vumbi, na msimu wa wadudu wa ziwani nimewahi kukuta bawa limeganda juu yake. Kinafutwa taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo, bila kukandamiza.

La pili ni diski ya shangazi. Sinema za kununua huwekewa namba ya kanda, yaani sehemu ya dunia zinakoruhusiwa kuchezwa: Uingereza ni kanda ya 2, sisi Tanzania ni ya 5. VLC ikishindwa kuicheza, fungua Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, bofya draivu yako na utafute ukurasa wa DVD Region. Tafadhali uwe mwangalifu hapo, kwa maana kubadili kunaruhusiwa mara 5 tu, na kanda utakayoweka mara ya mwisho haitoki tena. Ya harusi haina shida hiyo.

Muulizaji, Kirumba

Ndugu zangu, nashukuru sana. VLC imeicheza harusi jana usiku kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama aliomba turudishe nyuma mara tatu pale bibi harusi anapomvisha bibi yetu khanga mabegani, na kila mara aliisoma ile jina la khanga kwa sauti. Diski ya shangazi ilikataa, nikabadili kanda kuwa 2, ikaandika kwamba zimebaki mara 4, na sasa inacheza. Sina diski nyingine ya dukani, hivyo nitaiacha hapo. Mama anataka kurudi na ile ya harusi Nansio.

Fundi, Nyakato

Mpe, lakini kabla ya Jumamosi nakili folda yote ya VIDEO_TS kwenye kompyuta na kwenye flashi. DVD ya kawaida haizidi GB 4.7, flashi ya GB 8 inatosha. Diski za kuchomwa zina rangi ndani inayoharibiwa na mwanga na joto, kwa hiyo mwambie mama aiweke kabatini ndani ya kasha lake, isikae dirishani.